Maji Yako Yamekuja Kwangu

Jioni moja ya mwezi wa Aprili, mvua kubwa ilipokwisha kukatika na makorongo ya vilima vya Kisii yalipokuwa bado yananguruma, mama mmoja wa makamo, jirani yangu wa upande wa chini, alipanda njia ya udongo inayotenganisha ua wake na wangu, akasimama langoni pangu na viatu vyake mkononi, miguu yake imeloa tope jekundu hadi magotini, akaniambia kwa sauti isiyokuwa na hasira wala mzaha, "Mwalimu, maji yako yamekuja kwangu tena." Nilimkaribisha barazani, nikamwomba radhi, kisha nikamjibu jibu ambalo hata leo linanitia haya: "Mama, mvua ni ya Mungu, nami sina mamlaka juu yake." Alinitazama kitambo, akakung'uta tope kiatuni, akasema, "Mvua ni ya Mungu, ndiyo. Lakini ile sakafu ni yako."

Usiku ule usingizi ulichelewa, kwa kuwa katika maneno yake machache mama yule alikuwa ameweka mpaka ambao wengi wetu hatujauweka katika nafsi zetu. Maji yaliyo angani ni ya Mungu, na maji yanayonywewa na ardhi ni ya ardhi. Ama maji yaliyoangukia juu ya sakafu niliyoitandaza mimi, yakakosa kunywewa na chochote, yakakusanyika, yakapata nguvu na kuanza kuteremka, hayo yamekwisha kuwa yangu, na yataendelea kuwa yangu mpaka nitakapoyafikisha mahali panapostahili kuyapokea. Hiyo ndiyo rai ninayotaka kuieleza leo, hasa kwa wasomaji wa Kisii na Nyamira ambao, kama mimi, wametandaza kabro, yale matofali ya saruji, mbele ya nyumba zao, au wanakusudia kuitandaza kabla ya Desemba ili wana wao watakaporejea kutoka Nairobi wasikwamishe magari langoni.

Nchi yetu hii si nchi ya kufanyia maji mzaha. Mji wa Kisii uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nyamira iko juu zaidi. Kati yao umesimama ukingo wa Manga, na pande zote vilima hufuatana bila ya kuacha tambarare ya kutosha kuchezea mpira. Upepo wenye unyevu utokao Ziwa Viktoria hupanda vilima hivi mchana, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, hata ifikapo alasiri mawingu hushindwa kuubeba mzigo wake. Na kwa hiyo, ilhali sehemu nyingi za Kenya hungojea masika na vuli kwa dua, sisi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mwezi ulio mkavu kabisa kwetu ni nadra. Fauka ya hayo, mara kwa mara hutuangukia mvua ya mawe, ambayo mkulima wa chai huijua kwa majani yaliyochanika, na mwenye nyumba huijua kwa michirizi ya paa iliyozibwa na barafu, ikawa maji yote ya bati yanamwagika ukutani.

Na watu nao ni wengi. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na kwa kuwa eneo lenyewe ni dogo, kila kilomita moja ya mraba ya Kisii ilibeba watu zaidi ya 900. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata limekuwa ukanda mwembamba unaoteremka kutoka barabara iliyo mgongoni mwa kilima hadi kijito kilicho bondeni. Hivyo aghalabu kila nyumba ina nyumba juu yake na nyumba chini yake. Katika nchi tambarare maji ya ua wa mtu hutuama papo hapo yakamwadhibu mwenyewe. Katika nchi ya mteremko humkimbia mwenye kosa na kumwadhibu asiye na kosa.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tukichukua mvua ya alasiri moja yenye milimita 30, ambayo kwetu si habari ya kuandikwa gazetini, uwanja wangu wa mita za mraba 200 hupokea lita 6,000, na paa langu la mita za mraba 120 hupokea lita 3,600. Jumla ni lita 9,600, yaani mapipa 48 ya lita 200. Lau jirani yangu angetoka nje asubuhi akanikuta nimesimama mpakani ninamwaga mapipa 48 juu ya ukuta wake, moja baada ya jingine, angemwita chifu, na chifu angekuwa na haki ya kuuliza kama nina akili timamu. Mvua hunifanyia kazi hiyo hiyo kwa muda wa saa moja, nami nimeketi barazani ninakunywa chai, na kwa sababu sikushika pipa mkononi ninajihesabu kuwa mtu mwema.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Udongo mwekundu wa vilima vya Gusii ni wa kina kirefu, umetokana na miamba ya kale ya volkeno, na una sifa ya kunywa maji vizuri maadamu haujashindiliwa kwa miguu na magurudumu. Uwanja wa nyasi mbele ya nyumba ulipokea sehemu yake, mgomba ukapokea sehemu yake, na mchirizi uliochimbwa kwa jembe nyuma ya nyumba ukayachukua yaliyobaki na kuyapeleka shambani. Hatukuwa na elimu kubwa ya uhandisi, lakini tulikuwa na adabu moja ambayo kabro imetusahaulisha: mtu alichimba mchirizi kwanza, ndipo akahamia nyumbani.

Wala simo miongoni mwa wanaoilaumu kabro yenyewe. Anayelijua tope la Nyamira mwezi wa Mei, jinsi linavyong'ang'ania kiatu na kumlaza mtu mzima chali mbele ya wajukuu wake, hawezi kumkataza mwenziwe kutandaza kitu kigumu mlangoni. Matofali haya ya saruji yalienea duniani kutoka Uholanzi, ambako baada ya Vita Vikuu vya Pili matofali ya udongo wa kuchoma yalikuwa adimu na miji, Rotterdam ikiwa mfano, ilikuwa na barabara nyingi za kujengwa upya. Na Waholanzi waliyapenda kwa sababu ambayo hata sisi yatupasa kuipenda, nayo ni kuwa sakafu ya namna hii hufumuliwa na kurudishwa. Lami ikiharibika hukatwa na kutupwa, zege likipasuka huvunjwa kwa nyundo, ama kabro huinuliwa moja moja, ikapanguswa, ikawekwa kando kama sahani baada ya chakula, na baada ya matengenezo ikarudi mahali pake. Sifa hiyo ndiyo inayofanya makala haya yawe na faida, kwani ua mbovu wa kabro ni ugonjwa unaotibika.

Lakini tiba haiji kabla ya kuufahamu mwili. Watu wengi hudhani nguvu ya uwanja wa kabro imo ndani ya tofali lenyewe, kwa hiyo humhimiza fundi alete tofali zito na rangi ya kupendeza, ilhali tofali si chochote ila kifuniko. Nguvu imo katika mambo manne yasiyoonekana na mpita njia: kitako cha maramu au mawe yaliyopondwa, kilichoshindiliwa tabaka kwa tabaka, kitanda chembamba cha mchanga juu ya kitako hicho, mchanga mkavu uliojazwa katika nafasi za matofali hata yakakabana kama meno, na kingo za zege pembeni, zinazoyazuia yote yasitawanyike. Mambo hayo manne yana adui mmoja, maji yaliyokosa njia. Maji yakikawia juu ya sakafu hupenya katika nafasi, yakifika chini hulainisha kitako, na gari likipita juu ya kitako kilicholainika hukibonyeza, mchanga ukatoka na maji pembeni kama uji unaofurika, na shimo dogo likawa dimbwi, na dimbwi likakaribisha maji zaidi ya yale ya kwanza.

Nilipoanza kuuchunguza ua wangu niligundua kuwa kosa halikuwa moja, na mengi ya makosa hayo nayaona kila ninapopita mitaani kutoka Suneka hadi Kebirigo. Fundi wangu, ambaye simtaji wala simlaumu peke yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyemharakisha, alikuwa ameutandaza uwanja karibu sawasawa, ati upendeze macho. Kanuni wanayoifuata wajenzi wa sakafu hizi ni mteremko wa moja kwa arobaini, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita moja, kiasi kwamba ua wenye upana wa mita 4 hauna budi uwe chini kwa sentimita 10 upande mmoja kuliko wa pili. Mteremko huo jicho halioni, lakini maji huuona mara moja. Pili, mahali ambapo kitako kilikuwa na mabonde alikuwa ameyajaza vumbi la kokoto, lile waliitalo mafundi dasti, badala ya kukisawazisha kitako chenyewe. Na vumbi lile, likiwa laini kupita kiasi, hushika maji kama sifongo na kudidimia. Tatu, handaki la bomba la maji lililotoka langoni hadi jikoni lilikuwa limefukiwa kwa kusukumiwa udongo na kukanyagwa kwa miguu miwili ya kijana mmoja, nayo kabro iliyo juu yake ikaandika mstari uliozama, kana kwamba bomba limejichora lenyewe. Nne, upande wa chini hapakuwa na ukingo wa kweli, ila utepe wa saruji uliopakwa kama siagi juu ya mkate. Na la tano, ambalo ndilo lililomfikisha mama yule langoni pangu, mchirizi wa paa ulikuwa unamwaga maji yake yote kwenye pembe moja ya uwanja, pembe iliyomwelekea yeye.

Tabibu bora wa ua ni mvua yenyewe, na mwenye ua anayejifungia ndani mvua inaponyesha hatayajua kamwe maradhi yake. Chukua mwavuli, uvae gambuti, utoke nje na kipande cha chaki. Tazama maji yanaingia kutoka wapi, kwani mara nyingi dimbwi la mlangoni limezaliwa barabarani au kwa jirani wa juu; tazama yanapokwenda haraka na yanapokawia; na mvua ikikatika zungushia chaki kila dimbwi, urudi baada ya saa moja uone yapi yamebaki. Mahali ambapo maji yanabubujika kutoka katikati ya matofali ujue kuwa chini yake pamejaa, na mahali ambapo tofali linacheza ukilikanyaga ujue kuwa kitanda chake kimekwisha kuhama. Siku ya jua, mwite fundi aje na uzi na ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake, ambao maskini na tajiri huutumia kujua usawa, apime kutoka kizingiti cha mlango hadi lango. Hapo utaacha kubishana kwa macho na kuanza kusema kwa sentimita.

Matengenezo yenyewe hayana uchawi. Kabro huinuliwa kuanzia ukingoni, kwa nondo mbili, na matofali hukwanguliwa mchanga uliogandamana na kupangwa. Udongo uliolowa na vumbi lililozama huchimbwa na kuondolewa mpaka pafikiwe pagumu, kisha kitako hujengwa upya kwa maramu au mawe yaliyopondwa, kila tabaka lisizidi sentimita 15, lirashiwe maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine; na hapa nataka kukaza sauti: mteremko hutengenezwa katika kitako, si katika mchanga. Mchanga wa kitanda uwe unene mmoja kila mahali, baina ya sentimita 3 na 5, kwani anayeuongeza hapa na kuupunguza pale ili kuficha makosa ya kitako amejenga dimbwi la mwaka ujao kwa mikono yake. Tofali la sentimita 6 latosha pale panapopita gari dogo, na mahali pa malori ya chai au ya matofali pahitaji la sentimita 8. Ukingo wa zege uwekwe na kukauka kabla matofali hayajakaa, mchanga mkavu ufagiliwe katika nafasi, mashine ipite juu, ufagiliwe tena, na baada ya wiki chache za mvua ufagiliwe mara ya tatu. Na pale ambapo njia ya gari ni ya mteremko mkali, kama zilivyo nyingi Manga na Marani, yafaa mihimili ya zege ikate njia kwa upana baada ya kila hatua kadhaa, iwe kama ngazi zilizofichwa zinazouzuia mchanga usikimbie kwenda chini.

Kuna dawa moja ambayo nawasihi wasomaji waikimbie, nayo ni kumwaga saruji. Mtu huona nyasi zinaota katikati ya matofali, au dimbwi linarudi, akaagiza nafasi zote zizibwe kwa saruji na shimo lipakwe plasta. Kwa kufanya hivyo ameigeuza kabro kuwa zege baya: haiinuki tena, hainywi hata tone, hupasuka gari la kwanza lipitapo, na maji yaliyokuwa yakimsumbua yeye sasa yote, bila ya kupungua, yanamwendea jirani.

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno, kwani yote niliyoyasema hapo juu humwezesha mtu kuyatoa maji kwenye ua wake, na mama yule hakuja kunifundisha jinsi ya kuyatoa. Alikuja kuniuliza yanakwenda wapi. Ua wangu ungaliweza kutengenezwa kwa ustadi wote, dimbwi likatoweka, mteremko ukawa kamili, na yeye akapata maji mengi zaidi na ya haraka zaidi kuliko zamani. Ndiyo maana nasema kuwa tofali la kwanza lisinunuliwe kabla mwenye ua hajajibu swali la mwisho, na kuwa jibu la "yatateremka yenyewe" si jibu. Atembeaye katika vichochoro vya Lamu huona mtaro ukipita ubavuni mwa sakafu, njia ya watu na njia ya maji zikienda pamoja kama ndugu wawili walioshikana mikono. Wajenzi wale hawakuona kuwa mtaro ni nyongeza ya kungojea fedha zikibaki.

Mahali pa kuyapokea maji ni pachache, na kila pamoja pana masharti yake. Pa kwanza, na palipo bora, ni tangi: maji ya paa yasiguse uwanja hata kidogo, yaende kwenye tangi yakafue nguo na kunywesha ng'ombe, ikawa kwa hesabu yangu ya awali mapipa 18 kati ya 48 yameondoka katika ugomvi na kuwa mali. Pa pili ni shamba lako mwenyewe, chini ya migomba au katika ukanda wa nyasi za nepia, kwa mtaro unaotawanya maji badala ya kuyamwaga mahali pamoja. Pa tatu ni shimo la kunyonya maji, lililojazwa mawe, ambalo udongo wetu mwekundu hulitumikia vizuri pale penye nafasi. Lakini lisichimbwe juu ya ukuta wa jirani wala kwenye mteremko mkali, maana udongo ulioshiba maji hulegea na kuporomoka, wala lisikaribie choo cha shimo au chemchemi, kwa kuwa wengi wetu bado tunateka maji ya chemchemi, na tone la mafuta lililodondoka chini ya gari langu halipaswi kuonekana katika mtungi wa mtu mwingine. Pa nne ni mtaro wa barabara, ikiwa upo, ikiwa umezibuliwa, na ikiwa njia ya gari iliyoukatiza imewekewa karavati inayolingana na maji yake. Na wale ambao nyumba zao ziko chini ya barabara wajue kuwa hawana budi kuukata mteremko kwa mfereji uliofunikwa kwa chuma cha kimia, mbele ya mlango wa gereji, kabla maji hayajabisha hodi.

Baadhi ya marafiki zangu wasomi husema tiba ni kabro inayonywa maji, yenye nafasi pana zilizojazwa kokoto ndogo. Nami nasema ni tiba njema mahali pa tambarare penye kitako cha mawe matupu, ama juu ya udongo ulioshindiliwa wa kilima chenye mteremko maji yale huzama juu na kutokea chini, pengine chini ya msingi wa jirani, na tope jekundu huziba nafasi zile baada ya misimu michache. Wengine hulalamika kuwa mtaro na tangi ni gharama juu ya gharama. Kwao nina jibu fupi: asiyeweza uwanja mzima pamoja na mtaro wake, na atandaze mistari miwili ya magurudumu na kijia cha miguu, katikati aache nyasi, gari litafika mlangoni bila ya kukwama, maji yatapungua, na fedha zitakazobaki zitanunua tangi. Kutandaza uwanja wote na kumwachia jirani gharama ya mtaro si uchumi, ni kukopa bila ya kuomba.

Serikali nayo ina sehemu yake, wala sehemu hiyo si ihsani. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi kaunti kazi ya mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, kwa hiyo mtaro wa mtaa ni wajibu wa kaunti kama vile zahanati ilivyo wajibu wake. Naomba mambo matatu yasiyohitaji mkopo wa nje. Ramani ya nyumba isipitishwe bila ya mstari mmoja unaoonyesha maji ya paa na ya uwanja yanaishia wapi. Mitaro ya umma izibuliwe Februari, kabla ya masika, si Mei baada ya maduka kufurika. Na kila soko au kituo cha magari kitakachotandazwa kabro kichimbiwe mtaro kwanza, ili mwananchi ajifunze kwa kutazama. Mji wa Keroka, ambao mpaka wa kaunti zetu mbili umeupitia katikati, ungekuwa mahali pazuri pa kuanzia, kwani watu wanaweza kubishana kodi ya duka fulani ni ya Kisii au ya Nyamira, lakini maji hayajawahi kusimama pale kuuliza.

Hata hivyo, serikali haitafika katika kila mpaka wa shamba, na hapa ndipo Abagusii wanapokuwa na hazina yao wenyewe. Risaga, ule ushirika wa majirani kulimiana na kujengeana kwa zamu, ulijengwa juu ya fikira kwamba kazi ya mmoja ni kazi ya kilima kizima. Kwa kuwa mashamba yetu ni kanda zinazoteremka hadi kijito, mtaro mmoja uliochimbwa mpakani, kutoka barabarani hadi bondeni, ukajengewa ngazi za mawe za kuvunja nguvu ya maji na kupandwa nyasi kingoni, waweza kuzitumikia nyumba zote zilizo kulia na kushoto. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuuchimba peke yake, kwani hana haki ya kupita kwa wenzake. Na hakuna anayeweza kuukataa, kwani kila mmoja ana mtu juu yake.

Sisi tuliuchimba Agosti, kaya tano, kwa Jumapili nne, na uwanja wangu ukafumuliwa na kurudishwa katika mwezi huo huo kwa kabro zile zile, ila kumi na kitu zilizovunjika. Mvua ya Septemba ilipokuja nilivaa gambuti, nikateremka na mwavuli hadi nyuma ya nyumba ya jirani yangu kuutazama ukuta wake, nikaukuta mkavu kuanzia msingi. Naye alikuwa dirishani akinitazama, asiseme neno juu ya maji. Alichosema ni kuwa ameona nina kabro chache zilizobaki kando ya banda, na kama sizihitaji, angependa kuzitandaza pale penye bomba lake, mahali panapofanya tope.

"Chukua zote, Mama," nikamwambia. "Lakini maji ya hapo bombani yatakwenda kwa nani?"

Alicheka mpaka akashika dirisha, kisha akanyoosha kidevu kuelekea migomba yake iliyo chini, na mfereji mdogo ambao, nilipoutazama vizuri, niliona alikuwa amekwisha kuuchimba.